Tembeeni mji usiku, na anayeujua awatangulie

 Kaka na dada wa mashirika, najua huwa mnapita hapa kutusoma hata kama hamuandiki chochote.

Leo nina jambo moja tu. Kijana mkimbizi anayeishi mjini anapaswa kuujua mji huo usiku. Na njia nzuri ya kuujua ni kupanda boda ya mtu anayeufahamu, azungushwe saa mbili tatu, aonyeshwe kona kwa kona. Nataka mashirika yaliweke jambo hilo kwenye mafunzo wanayotupa tukifika. Najua linasikika kama starehe. Nisikilizeni kwanza.

Mimi nimekaa Kampala miaka minne bila kutoka nje baada ya saa kumi na mbili jioni. Sitanii. Tulipofika kutoka Bukavu, mimi na mama na wadogo zangu wawili, tuliitwa kwenye semina ya wageni. Tuliambiwa mambo mengi mazuri: wapi pa kujiandikisha, shule gani inapokea watoto, tusitembee bila kitambulisho. Mwishoni yule dada aliyetufundisha akasema, "Na usiku, tafadhali, kaeni nyumbani. Msipande boda usiku." Alisema kwa upole, alitutakia mema. Mama akaligeuza neno lile kuwa sheria ya nyumba. Kiza kikiingia, mlango unafungwa, kufuli juu na kufuli chini.

Kwa hiyo mji wangu ulikuwa njia tatu: ya sokoni, ya kanisani, na ile ya saluni ninaposuka nywele. Mchana tu.

Halafu ukaja usiku mmoja wa mvua, saa nane. Mama alibanwa na pumu. Dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha. Nikamfunga kitenge, tukatoka na mdogo wangu tukimshika huku na huku, tukaenda kwenye kliniki tuliyoizoea. Mlango ulikuwa na kufuli. Sikujua kama kliniki ile hufungwa usiku, kwa sababu sikuwahi kuiona usiku. Tukasimama pale kwenye mvua. Sikujua steji ya boda inayokesha iko wapi. Sikujua duka gani la dawa linafunguliwa. Sikujua hata nimwamini nani. Mlinzi wa duka la jirani, mzee Mganda aliyejifunika gunia, ndiye aliyetuonea huruma. Akapiga mluzi, boda ikatokea gizani. Hospitali inayopokea wagonjwa usiku kucha ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwetu. Dakika kumi! Na mimi nilikuwa nimepoteza karibu saa nzima.

Mama alipona, Mungu asifiwe. Lakini tangu siku ile nilijiuliza: tuliambiwa tuogope usiku ili tuwe salama. Sasa mbona usiku ule kilichotaka kutuulia mama ni kutoujua usiku wenyewe?

Wiki ileile, ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo aliyepelekwa Marekani, alinitumia video. Anaishi Maryland, karibu na Washington. Kazini kwao walikuwa wamewalipia wafanyakazi matembezi ya usiku kwenye vile vyombo vya magurudumu mawili ambavyo mtu husimama juu yake, Segway. Ukiinama mbele kinakwenda, ukijiegemeza nyuma kinapunguza mwendo. Kwanza wanavalishwa kofia ngumu na kufundishwa kidogo uwanjani. Kisha kiongozi anatangulia, wao wanamfuata kwa mstari kama watoto wa bata, vitaa vikiwaka. Wanasimama mbele ya sanamu ya Lincoln, mahali pale hapafungwi mchana wala usiku na hapana kiingilio. Kiongozi anaeleza, wanapiga picha, wanaendelea. Ndugu yangu anacheka kwenye video mpaka sauti inapasuka. Huyu ni yule yule ambaye kule kwetu alikuwa akisikia pikipiki usiku anaingia chini ya kitanda.

Nikaitazama mara nne au tano. Nisiwadanganye, niliona wivu. Si wivu wa kile chombo, ni wivu wa usiku wake.

Nikaanza kusoma habari za chombo chenyewe. Dean Kamen, Mmarekani aliyekibuni, alikionyesha kwenye televisheni Desemba 2001. Watu walisema kitabadilisha miji yote ya dunia. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000. Haikuwa hivyo. Kiliishia zaidi kwa walinzi na kwa viongozi wa watalii, na mwaka 2020 utengenezaji wa kile cha mwanzo ukasimamishwa. Huku kwetu, chombo kilichobadilisha miji hakikutangazwa na mtu yeyote kwenye televisheni. Boda ilianza na baiskeli pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Watu walikuwa wakibebwa na mizigo yao kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha mpaka wa pili. Wapanda baiskeli waliita wateja kwa Kiingereza cha "mpaka kwa mpaka", na jina likabaki hilo hilo: boda boda. Fikirini, ndugu zangu. Chombo tunachoambiwa tukiogope kilizaliwa kwa kuvusha watu mpaka. Sisi ndio wateja wake wa asili.

Basi nikamtafuta kaka mmoja wa kanisani kwetu, Mkongomani, anaendesha boda mjini mwaka wa saba sasa. Nikamwambia nataka unizungushe mji usiku, unionyeshe kama unavyomwonyesha mgeni wa Ulaya. Akacheka. "Weye uko hapa miaka mine, unajua paka njia tatu?" Tukakubaliana shilingi 20,000 kwa kila abiria kwa saa tatu, mafuta ndani. Nikamchukua rafiki yangu Mrundi, msichana kama mimi, naye akapanda kwa dereva wa pili, Mganda wa steji moja na kaka yetu. Kofia ngumu mbili za abiria waliziazima. Mama nilimwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Simu iwe na chaji."

Tulianzia Nsambya saa mbili usiku. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni soko. Barabara ninayoipita mchana ikiwa wazi, usiku ilikuwa imejaa watu waliotandika bidhaa chini: viatu, nyanya, nguo za watoto, kila mmoja na kitaa chake au koroboi. Kaka akasema Waganda wanaliita soko hilo toninnyira mu kange, yaani usinikanyagie vitu vyangu. Akapunguza mwendo, akanionyesha akina mama watatu wanaouza vitenge. Mmoja namfahamu, tunasali naye! Miaka yote nilidhani hana kazi. Kazi yake ni ya usiku.

Tukapanda Kabalagala. Hapo nilitegemea kuona ulevi tu, kama tunavyoambiwa. Ulevi upo, siwezi kukataa. Lakini kaka alituteremsha mbele ya mkahawa wa Waethiopia, watu wamezunguka sinia moja la injera, mama mmoja anakaanga buni na moshi unapanda. Yule mama naye alikuja kama tulivyokuja sisi. Hatukuwa na lugha moja, lakini alipomwona rafiki yangu kasimama kwa woga alimwita kwa mkono na kumpa kikombe cha kahawa.

Kutoka hapo tukavuka hadi Kololo. Pametulia, miti mikubwa, kuta ndefu, balozi na ofisi za mashirika. Kaka akasimama mbele ya uwanja wa uhuru. "Hapa usiku wa kuamkia 9 Oktoba 1962 bendera ya Mwingereza ilishuka, ya Uganda ikapanda." Mimi nilijifunza tarehe hiyo kwenye mtihani wa shule. Sikujua kwamba ni jambo la usiku. Watu walikesha pale kusubiri nchi yao. Nikasema moyoni, kumbe usiku si wa wezi peke yao.

Wandegeya tulikula. Chini ya kilima cha Makerere, wanafunzi wamejaa kama mchana, moto wa chapati unawaka kila hatua tatu. Roleksi ya mayai mawili na kabichi, mezani kwa mwenye kibanda, saa nne usiku. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kula kitu nje baada ya jua kuzama.

Kisha Old Kampala. Wengi wetu tuliojiandikisha Kampala tunakijua kilima hicho, maana kituo cha polisi cha hapo ndipo safari ya karatasi zetu ilipoanzia. Mimi nakikumbuka kwa foleni, jua na tumbo la njaa. Usiku ule nilikiona kwa mara ya kwanza bila foleni. Msikiti mkubwa uko juu yake, ule ulioanzishwa wakati wa Idi Amin na kufunguliwa 2008 baada ya Libya kusaidia kuumaliza. Taa zake zinaonekana mbali. Kaka akatuambia kwamba hata Lugard, yule Mwingereza, alipofika 1890 alijenga ngome yake kilima hiki hiki. "Kila mugeni wa Kampala anaanzia hapa," akasema. "Lugard alikuja na bunduki, weye ulikuja na mama yako." Tukacheka mpaka dereva wa pili akauliza tunacheka nini.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea Kisenyi, kwa Wasomali, askari wa doria walitusimamisha. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, kwa sababu kwetu kusimamishwa usiku kulikuwa na maana moja. Kaka alizima pikipiki, akasalimia kwa Kiganda, taratibu. Askari akaomba kitambulisho. Nikatoa. Akakiangalia kwa tochi, akaniangalia, akakirudisha. "Mugende," akasema. Nendeni. Basi. Miaka minne niliogopa dakika ile moja, na ilipokuja ilikuwa dakika moja tu. Sisemi kwamba kila askari ni vile. Wengine mna habari nyingine za kusimulia, nazo ni za kweli. Nasema nilikuwa na mtu wa kunionyesha jinsi ya kusimama mbele ya askari, na hilo hakuna semina iliyonifundisha.

Saa tano na nusu nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa macho.

Sasa nije kwenye hoja.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea. Mkataba wa 1951 unalisema jambo hilo kwenye kifungu cha 26. Tunaisifu haki hii kila siku ya wakimbizi duniani, tunaiimba kwenye maigizo. Lakini haki usiyoitumia inapata kutu kama panga la ukutani. Mimi nilikuwa na haki ya kutembea Kampala nzima, na nilitumia njia tatu, saa kumi na mbili kwa siku. Nusu ya haki yangu nilikuwa nimeifungia kufuli mwenyewe.

Mnakumbuka wakati wa korona? Kuanzia 2020 hadi Januari 2022 kulikuwa na amri ya kutotoka usiku Uganda, na boda zilikatazwa kubeba abiria giza likiingia. Waganda walilalamika: biashara zimekufa, wagonjwa wanashindwa kufika hospitali, vijana wanachanganyikiwa ndani. Walikuwa na haki ya kulalamika. Ila mimi sikuona tofauti yoyote. Nyumbani kwetu amri hiyo ilikuwepo kabla ya korona na ikaendelea baada yake, bila rais yeyote kuitangaza.

Kuna watakaonipinga, na wana sababu.

Wa kwanza watasema ajali. Kweli kabisa. Boda inaua na inavunja watu miguu. Kila mtu wa Kampala anajua wodi za Mulago zimejaa nani. Ndiyo maana sisemi mpande boda yoyote kwa mtu yeyote. Nasema dereva anayejulikana, kofia kwa kila mmoja, mtu mmoja kwa pikipiki moja, mwendo wa kuona na si wa kuwahi. Dada wa semina alipotuambia tusipande usiku, hakutuzuia kupanda. Alitufanya tupande siku ya shida, kwenye mvua, kwa dereva tusiyemjua, bila kofia. Mama yangu alipanda hivyo hivyo.

Wa pili watasema wasichana. Hapa nazungumza kama msichana. Hatari ipo na sitaki mtu aidharau. Lakini dada zangu, wengi wetu tunarudi usiku hata hivyo: kutoka sokoni, saluni, kwenye kazi za kufua, kwenye mikahawa. Hatupewi ramani, tunapewa onyo tu. Onyo halikuambii uchochoro upi una taa na upi hauna. Halikuambii steji ipi ina mwenyekiti anayewajua madereva wake wote kwa majina. Mimi sasa najua. Na mtu akinipata na jambo baya njiani, asiniulize tena "ulikuwa unatafuta nini usiku?" Swali hilo hamuwaulizi wavulana.

Wa tatu ni ninyi mlio kambini Tanzania na Kenya. Najua mnaposoma haya mnasema, huyu anachezea bahati. Nyarugusu huwezi kutoka bila kibali. Kakuma na Dadaab, safari ya mjini inataka karatasi ya ruhusa. Sina jibu zuri kwenu, na sitajifanya ninalo. Nasema tu kwamba ndiyo maana sisi tulio huru kidogo hatupaswi kulala na uhuru wetu. Tukiwaonyesha majirani na serikali zote kwamba kijana mkimbizi anaweza kutembea mji usiku, akala, akalipa, akarudi, bila jambo lolote baya kutokea, tunawajengea na ninyi hoja.

Wa nne ni ninyi wa mashirika, mtakaosema bajeti. Shilingi 20,000 kwa kichwa. Soda na keki za semina moja zinagharimu kiasi gani? Na pesa hiyo haipotei: inakwenda kwa dereva mkimbizi, ambaye anakuwa kiongozi na mwalimu, si "mnufaika" tu. Wapo watu Kampala wanaowazungusha watalii kwa boda na wanaishi kwa kazi hiyo. Mbona kaka yetu, anayejua Kiswahili, Kifaransa, Kiganda na mji mzima, asiwe mmoja wao?

Ombi langu basi ni hili. Kila kundi la wageni likimaliza semina ya mchana, litengewe usiku mmoja. Lizungushwe na vijana wakimbizi waliokaa mjini muda mrefu, pamoja na madereva wa steji wa hapo hapo. Waonyeshwe mambo matano ya lazima: hospitali inayokesha, duka la dawa linalokesha, kituo cha polisi, steji ya kuaminika, na njia yenye taa ya kurudi nyumbani. Hayo ni ya shida.

Halafu waonyeshwe na jambo moja lisilo la lazima. Kilima chenye taa, kahawa ya Waethiopia, roleksi ya Wandegeya, chochote. Hapa ndipo najua mtasita. Fomu zenu zina nafasi ya kuandika mahitaji, hazina nafasi ya kuandika furaha. Mimi mwenyewe nilipoanza kuandika nilitaka kutetea safari hii kwa ugonjwa wa mama peke yake, kwa sababu ugonjwa mnauelewa. Lakini nikiulizwa nini kilichobaki kwangu, si ramani ya hospitali. Ni ile dakika tumesimama Old Kampala, upepo, taa za vilima vyote zikiwaka, na mimi ninaijua mitaa kwa majina. Kwa mara ya kwanza nilisema "kwetu" nikiwa na maana ya hapa. Ndugu yangu wa Maryland alilipiwa dakika kama ile na mwajiri wake na hakuna aliyemuuliza inasaidia nini.

Mama bado anafunga kufuli mbili. Ila sasa anaulizia, "Leo huyo kijana wa pikipiki yuko kazini?" Namba yake imebandikwa mlangoni, pembeni ya kufuli ya juu, na mdogo wangu wa mwisho ameikariri.

Na wewe, hapo ulipo, mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku huu, unajua pa kwenda? Kama hujui, mtafute anayejua kabla wiki hii haijaisha, akuzungushe. Vaa kofia. Waage nyumbani. Simu iwe na chaji.